Kiwiko cha Shangazi

Mtoto alizaliwa analia, na akaendelea. Alilia akiwa na njaa, akalia akishiba, akalia akivuliwa nguo na akalia akivishwa, na wakati wa kuogeshwa ndiyo usiseme. Fundi cherehani wa nyumba ya pili aliapa kwamba yule mtoto akiguswa na maji tu, sindano inaruka mishono yenyewe. Ndiye aliyempa jina la Kengele. Jina likashika, hata mama yake mzazi akawa anaitikia "Mama Kengele" bila kununa.

Bibi yake Kengele naye hakuitwa jina lake. Kiwandani walimwita Shangazi kwa sababu ya ulimi, maana shangazi akikosa la kukukaripia hulitafuta, na mtaani wakalidaka jina hilo hilo. Alikuwa mkuu wa usalama wa bidhaa katika kiwanda cha mafuta, poda na sabuni za watoto. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kile ambacho mama anampaka mwanawe hakimdhuru. Asipopitisha yeye, kitu hakitoki getini, hata meneja apige magoti.

Maabara ilikuwa na mitambo yake, na mwenye mitambo alikuwa kijana mmoja mpole aliyeitwa Mkemia. Alipima uchachu, akaotesha vijidudu, akatafuta zebaki, risasi na sumu nyingine zote zilizokatazwa. Shangazi aliyasoma majibu yake neno kwa neno. Lakini kabla ya kutia sahihi alikuwa na kipimo chake mwenyewe. Asubuhi alikunja mkono wa kushoto wa blauzi, akachota losheni ya toleo jipya, akajipaka kiwiko chote, ndani na nje, na asikioshe mpaka jioni. Kikiwasha, kikichoma, kikiwa chekundu, toleo zima linarudi. Alikwisha kurudisha matoleo, si mara moja, na wenzake wakamnunia. Akawaambia wanune vizuri, midomo ni yao.

Na mezani kwake palikuwa na simu. Namba yake ilichapwa nyuma ya kila chupa. Akina mama walipiga tangu asubuhi: mtoto katoka vipele, poda imemwingia puani, mafuta yanamfanya ajikune. Wengine walimtukana hadi akacheka. Aliipenda simu ile. Ikilia sana aliguna, lakini alijua kwamba huko nje kuna macho mengi yanamsaidia kuangalia.

Basi ikaja losheni mpya, iliyopewa jina la Liwazo, kwa ajili ya watoto wenye ngozi ya kuchukizwa na kila kitu. Ndani yake mlikuwa na ute fulani wa kulainisha. Yule aliyekuwa akiwauzia ute huo siku zote aliishiwa, kiwanda kikampata mwingine. Mkemia akaupima, akauona safi. Shangazi akajipaka kiwiko, akasubiri.

Kiwiko hakikusema kitu. Na hilo lilikuwa jambo geni, kwa sababu losheni zote alizowahi kuzipima zilisema japo kidogo. Hii huleta ubaridi, ile hutekenya, nyingine huvuta ngozi ikikauka. Liwazo haikuwa hata na uzito. Jioni alipojishika kiwiko, ilikuwa kama ameshika kiwiko cha mtu mwingine.

"Hii sasa ndiyo losheni," alimwambia Mkemia. "Mtoto hatajua hata kama amepakwa."

Akatia sahihi, akabeba chupa moja ya kwake nyumbani, kwa sababu Kengele alikuwa na vipele vya joto shingoni.

Kengele akanyamaza.

Mwanzoni ilikuwa furaha, jamani, kwa nini tudanganyane? Binti yake Shangazi alilala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, akaamka na uso wake wa zamani. Walimpaka Kengele kila alipooga na kila alipobadilishwa nguo, kuanzia utosini hadi nyayoni. Vipele vikafifia. Mtoto akawa anatazama tu, macho mawili makubwa, na kicheko kidogo pembeni mwa mdomo.

"Mume wangu amekuwa mtu mzima," Shangazi alimtania akimrusha. "Ameacha utoto."

Mtaa mzima ukataka Liwazo. Shangazi hakuhitaji kuisifia, kwani wenye macho walijionea. Mama Pacha, aliyekuwa na mapacha na mume wa kusafiri, aliichukua dukani siku ile ile ilipofika. Na saa ya kuogesha watoto, ambayo mtaani pale ilikuwa kama kwaya iliyokosa mwalimu, ikaanza kupungua sauti. Leo nyumba hii, kesho ile. Mwishowe asubuhi zikawa za maji tu. Unasikia maji yakimiminwa, beseni likiburutwa, kitambaa kikikamuliwa. Sauti ya mtoto husikii.

Fundi cherehani alikuja ukutani siku moja, pini zake zimepangwa kwenye ukosi wa shati kama kawaida yake.

"Shangazi, nyumba yenu ina nini?"

"Ina raha. Si ulikuwa unalalamika?"

"Nililalamika, ndiyo. Sasa nasimamisha cherehani nisikilize kama mko hai." Alijaribu kucheka. "Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wenyewe."

"Wewe huna shukrani. Kelele hutaki, kimya hutaki!"

Kiwandani nako simu ilinyamaza. Zilipita asubuhi nzima ikiwa imelala pale mezani. Shangazi akaiinua kuona kama inafanya kazi. Ilifanya. Ikilia, alikuwa mama wa kushukuru. "Halii tena," walisema wote, wa karibu na wa mbali, kwa maneno karibu yale yale, kana kwamba wamekaa chumba kimoja wanapokezana kipokeo. "Halii tena, Mungu awabariki." Meneja alifurahi hadi akaagiza toleo liongezwe maradufu. Hakuna lalamiko hata moja! Shangazi naye alifurahi. Ila mchana ule, akiwa peke yake ofisini, alijikuta anaitazama ile simu kwa woga, na hakujua woga wa nini.

Siku ya chanjo alimpeleka Kengele mwenyewe, kwa kuwa binti alikuwa na mafua. Kliniki ilikuwa na benchi refu, na kwenye benchi akina mama wamebanana, kila mmoja na mzigo wake mapajani. Shangazi alikwisha kukaa kwenye benchi kama hilo, enzi zake. Alikumbuka jinsi mtoto wa kwanza akichomwa hulia, na wa pili, ambaye hajaguswa, hulia kwa kumsikia wa kwanza, hadi benchi zima linalia na mama mmoja mwenye moyo mwepesi analia pia.

Muuguzi alimchoma wa kwanza. Kimya. Akamchoma wa pili. Mtoto aliigeuza shingo taratibu, akaitazama sindano ikiwa imezama pajani mwake, akaitazama kama unavyotazama nzi kwenye mkono wa jirani. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Hawa wembe ungewakata na wasiulilie.

Mama Pacha alikuwa mbele ya Shangazi. Mapacha wake walichomwa, mmoja baada ya mwingine, na wote wawili wakatabasamu.

"Umenipa usingizi, Shangazi," alisema akimshika mkono. Machozi yalimlenga. "Nilikuwa nakaribia kufanya jambo baya. Nakwambia ukweli, nilikuwa nawaza mambo ambayo mama hawazi. Umeniokoa."

Shangazi alisogea mbele na mtoto. Zamu yake ikafika. Muuguzi alimchoma Kengele, akatoa sindano, akabaki ameishika hewani.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "mimi kazi hii nimeizeekea. Wiki hizi siipendi. Wananitazama tu."

Shangazi alimtazama mjukuu wake. Kengele alikuwa anacheka na dirisha.

Alirudi kiwandani moja kwa moja, mtoto mgongoni, akampitia Mkemia maabarani. "Hebu niambie. Hii Liwazo ina nini ndani?"

"Kilichoandikwa, Shangazi. Nimeipima yote."

"Umetafuta nini?"

"Vile vilivyokatazwa. Vyote havimo."

"Na ambavyo havikukatazwa kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba vitatiwa?"

Mkemia alikuna kichwa. Alikuwa kijana mwaminifu. "Mtambo hujibu unachouuliza, Shangazi. Sijui niuulize nini. Nipe dalili. Wamelalamika?"

"Hapana."

"Kiwiko?"

Shangazi alikunja mkono, akakitazama kiwiko chake. Ngozi nzuri, nyororo, haina hata doa. Alikuwa akijipaka kila toleo jipya, na sasa matoleo yalitoka mfululizo. "Kiwiko hakina neno," alisema.

"Basi."

"Basi," akasema naye, na moyo ukamtulia kidogo. Lakini alimwomba aupime tena ule ute, autafutie chochote kile, hata uchafu wa mtoni. Losheni hakuisimamisha. Kusimamisha kunataka sababu, na sababu zake zilikuwa watoto wanaocheka. Angeanzia wapi kumweleza meneja?

Jioni binti alikuwa amekaa kitandani na Kengele kifuani. "Mama, mbona siku hizi hata ziwa halililii? Nisipomkumbuka yeye hanikumbushi. Hii losheni una hakika nayo?"

Hapo ndipo kiburi kilipomponza. Angeweza kusema hajui. Badala yake alisema, "Mwanangu, mimi najipaka mwenyewe kila asubuhi. Ingekuwa na kitu, kiwiko changu kingekwisha kusema." Binti akamfunika mtoto. Mama yake alikuwa hajawahi kukosea katika jambo hilo.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na baridi kali, ya kutoa moshi mdomoni. Shangazi hakwenda kazini mapema, alitaka amwogeshe mume wake yeye mwenyewe. Akaweka beseni uani, akamimina maji ya birika, akaongeza ya baridi kwa kopo. Mvuke ulitanda, lakini siku ya baridi kama ile hata maji ya vuguvugu hufuka. Binti alikuwa chumbani anatafuta nguo za mtoto.

Akayapima kama alivyofundishwa na mama yake, naye akafundishwa na wake. Akakunja blauzi mkono wa kushoto, akatumbukiza kiwiko.

Maji yalikuwa sawa. Hata yalielekea kupoa. Akaongeza kidogo ya birika, akapima tena. Sawa kabisa.

"Haya, bwana harusi," alisema. Akamshika kwapani, akamshusha miguu kwanza.

Kengele alicheka. Alirusha miguu kwa furaha, maji yakaruka huku na huku. Wakati huo huo fundi cherehani alikuwa anaingia na foronya ya mtoto aliyoishona, anapiga hodi na kuingia kwa pamoja kama desturi yake, na maji yale yakamrukia miguuni, penye kandambili.

Fundi aliruka juu na ukelele. "Mamaa! Shangazi! Maji ya kunyonyolea kuku haya!"

Shangazi alimtazama kwa hasira. Alidhani ni mzaha wake mwingine. Kisha akaona vidole vya fundi, vyekundu. Kisha akatazama beseni, na ndani ya beseni akaiona miguu ya mjukuu wake. Juu yake mtoto alikuwa anamcheka machoni, kile kicheko kidogo cha pembeni mwa mdomo.

Alimnyakua. Alipiga kelele ambayo mtaa ule uliikumbuka muda mrefu, kwa sababu ilikuwa ya kwanza kusikika tangu kimya kilipoingia. Binti alitoka mbio, akamwona mwanawe, akakaa chini papo hapo, nguo za mtoto mkononi. Fundi ndiye aliyepata akili. Alivuta ndoo ya maji ya baridi, akamtia mtoto miguu humo, akamshikilia. Kengele hakulia kwa ya moto, na hakulia kwa ya baridi.

"Mbona halii?" fundi alikuwa anauliza. "Shangazi, mbona halii?"

Shangazi alimsogelea. Alinyoosha mkono, akachomoa pini kwenye ukosi wa fundi, akaichoma kwenye kiwiko chake cha kushoto. Akaisukuma. Damu ikatoka, ikateremka hadi kiganjani. Alitazama tu inavyoteremka, maana hakusikia chochote.

Hospitali waliifunga miguu kwa bandeji nyeupe. Daktari alisema maji hayakuwa yamechemka, na yule mtu wa ndoo apewe shukrani zake. Ngozi itatoka, na nyingine itaota. Walimwosha mtoto mwili mzima kwa sabuni, wakaondoa Liwazo yote. Daktari akaeleza kwamba mtoto mdogo akipakwa dawa ya ganzi mwilini kote, tena mara nyingi, ngozi hainyamazi peke yake. Dawa hupenya kwenye damu, mtoto akalegea, akasahau hata njaa. Ikizidi, moyo nao husahau kazi yake.

"Ganzi?" aliuliza Shangazi, ingawa alikwisha jua.

Shangazi alikuwa bado kwenye korido ya hospitali Mkemia alipompigia simu. Kijana alikuwa amekwisha kutajiwa ganzi. Sasa alijua la kuuuliza mtambo, akawa ameuuliza. Ule ute wa muuzaji mpya ulikuwa mkali, wa kuwasha na kuchoma ngozi japo hauachi alama. Ili usirudishwe, mtu huko ulikotoka aliuchanganya na dawa ile ile ya mng'oa meno. Ukali ulikuwemo, ila hakuna ngozi ambayo ingeweza kuusema.

"Funga geti," Shangazi alisema. "Chupa isitoke. Zilizotoka zirudi zote. Nenda redioni sasa hivi, useme wasipake tena, wawaoshe watoto, na maji yapimwe na mtu ambaye hajaishika losheni ile."

"Meneja anasema tusubiri kwanza tujue..."

"Mwambie sahihi ni yangu. Niliyeifungulia ni mimi na ninayeifunga ni mimi."

Kisha akarudi kukaa kando ya kitanda na binti yake. Binti hakumlaumu, na afadhali angemlaumu. Walikuwa wanamngoja Kengele alie. Hakuna bibi aliyewahi kungoja maumivu ya mjukuu wake kwa hamu kama ile, na Shangazi alijichukia kwa kuyaombea. Jua lilikuwa limeshageuka dirishani mtoto alipokunja uso. Midomo ikacheza. Akavuta pumzi ndefu, ndefu mno, kama mtu anayetoka chini ya maji.

Akalia. Kengele ya kweli, ya zamani, iliyomfanya muuguzi wa zamu aangushe sahani ya bandeji. Binti alimkumbatia, akalia naye. Shangazi aliinamisha kichwa kwenye chuma cha kitanda. "Lia, baba," alisema. "Lia, mume wangu. Nitukane. Nitukane vizuri."

Kesho yake alichukua gunia, akazunguka mtaa wake mwenyewe nyumba kwa nyumba. Redio ilikuwa imetangaza, lakini hakutaka kuiachia redio kazi ile. Fundi alimfuata, kwa sababu mikono yake haijawahi kugusa losheni, na kila palipokuwa na beseni aliingiza vidole kwanza. Watu walimpa Shangazi chupa bila kumtazama usoni. Mwanamke mmoja aliitupa miguuni pake. Aliiokota. Nyuma yake mtaa ulikuwa unaanza kuamka: mtoto mmoja nyumba ya kona, mwingine ng'ambo, kilio kikavu kama cha mtu aliyesahau namna ya kulia. Fundi alikuwa anatabasamu huku anafuta macho kwa mkono wa shati.

Nyumba ya Mama Pacha ilikuwa ya mwisho, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Mwanangu, nimefuata ile chupa."

"Nimesikia redio," alijibu kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Wangu hawana kitu. Wananyonya wakipewa, wanacheka. Wamelala usiku kucha."

"Fungua, mama. Ile ni sumu."

"Wewe si ndiye uliyesema ni salama? Kiwiko chako kilisema."

"Kilikosea. Mimi nilikosea."

"Basi na leo unaweza kuwa unakosea." Kiti kilikwaruza sakafu ndani. "Usininyang'anye usingizi, Shangazi. Siwezi kurudi kule. Nilikwambia nilichokuwa nakiwaza."

Shangazi aliweka sikio mlangoni. Alisikia birika likiinuliwa. Alisikia maji yakimiminwa kwenye beseni, mengi, na Mama Pacha akianza kuimba polepole, wimbo wa kubembeleza. Mapacha hawakutoa sauti.

"Usiwaogeshe!" alipiga kelele. "Subiri fundi ayapime! Mama Pacha!"

Wimbo uliendelea. Fundi alizunguka nyuma kutafuta dirisha. Shangazi aliangusha gunia, akaanza kuugonga mlango kwa kiganja, kisha kwa ngumi, kisha akageuka ubavu akaugonga kwa kiwiko cha kushoto, kile kile, kwa nguvu zake zote. Aligonga mpaka kidonda cha pini kikafunguka na kuuchafua mlango. Mara ganzi ya siku nyingi ikaachia, mkono ukapigwa na kitu kama moto, kuanzia kiwikoni hadi begani, akaguta kwa uchungu, na hakuacha kugonga.

Ndani, wimbo ukakatika. Komeo likavutwa.